Mtani Aliyezika Matairi Yetu

Uji ulikuwa umeanza kuchemka, kifuniko cha sufuria kinagonga tak tak tak, na hata jogoo hajawika. Nikatoka nje kuchukua kuni.

Gari letu lilikuwa limekaa juu ya mawe.

Sisemi limeegeshwa. Limekaa. Matairi yote manne hayapo na rimu zake, na lile la akiba lililofungwa nyuma halipo.

Nikasimama na kuni zangu mkononi. Kisha nikarudi jikoni nikakoroga uji, maana uji haujui habari za wezi. Ulipotulia ndipo nikaenda kumwamsha mzee wangu.

"Mzee, gari halina miguu."

"Enhe," akasema.

"Miguu yote."

"Enhe. Uji umeiva?"

Nikadhani ni mshtuko. Mtu akishtuka husema lolote.

Sasa ngoja niwaeleze hilo gari, maana hapa Mpui hakuna lingine kama hilo.

Ni gari-nyumba. Ndani lina kitanda, kabati, meza ya kukunja na jiko dogo la gesi. Padre mmoja mzee alilitumia kuzungukia vigango vya mbali, analala humo humo. Dereva wake alikuwa mume wangu, Isdori. Padre aliporudi kwao akamwachia.

Likakaa bandani miaka mingi, matairi yamefunikwa magunia. Isdori alikuwa analiwasha, analisikiliza, analizima.

Mwaka jana mgongo wake ukaharibika. Kwenye kiti cha basi hawezi kukaa, anatokwa jasho kwa maumivu. Kulala anaweza.

Na binti yetu Redempta ameolewa Kirando, kule ziwani. Alijifungua mapacha, mmoja hana nguvu. Kuwapandisha huku kwenye baridi ya Ufipa isingewezekana. Akawa anatuma picha. Isdori anaisogeza simu karibu, anaisogeza mbali, anasema, "Naona blanketi."

Basi ndipo tukalikumbuka gari-nyumba. Isdori alale nyuma kitandani, mwanetu Romani aendeshe, mimi nikae mbele na kikapu changu.

Tatizo likawa matairi.

Romani anaendesha lori la tajiri mmoja mjini Sumbawanga. Akaja, akafunua magunia, akachuchumaa.

"Mama, haya ni kimeo."

"Kimeo nini?" Isdori akamjibu kutoka kwenye mkeka wake. "Tazama meno hayo. Marefu kuliko yako."

"Meno yapo, baba. Ila mpira nao una umri. Tazama ubavuni."

Nikainama nami. Ubavuni kulikuwa na nyufa ndogondogo, nyingi, kama magaga ya miguu yangu.

"Yana magaga," nikasema.

"Na wewe una magaga," Isdori akasema, "na kila Jumapili unafika kanisani."

Romani akacheka, kisha akaacha. "Baba, tairi la kipara linakuonya, unakiona kipara. Hili lililokaa bila kazi halikuonyi. Linapasuka tu. Na ule mteremko wa kwenda ziwani hauna pa kukimbilia."

"Hayajatembea. Kitu kisichotembea kinachakaaje?"

"Wewe umelala mwaka mzima," nikamwambia. "Umekuwa mpya?"

Alisema tu, "Tunaondoka Jumamosi."

Niliogopa. Lakini nilitaka kuwashika wale watoto. Nikaacha kubisha.

Siku mbili kabla ya safari akapita Kabula. Kabula ni Msukuma, wanakaa ng'ambo ya barabara, walihamia huku na ng'ombe wao. Yeye na mzee wangu ni watani. Ulianzia wapi utani wao sijui, ila hawajawahi kusalimiana kwa heshima hata siku moja.

"Wewe Mfipa," akasema, "unahangaika na gari la nini? Panda ungo, ufike Kirando kabla chai haijapoa."

"Ungo hauna kitanda," Isdori akamjibu.

Kabula akalizunguka gari. Akabonyeza ubavu wa tairi kwa ukucha. Akatikisa kichwa.

"Mtani, hawa wamekufa. Mbona hujatangaza msiba?"

"Wakifa nitakuita uje ulie."

Tukacheka, akaenda zake. Usiku wa kuamkia Jumamosi upepo ukavuma, ule wa Julai unaopiga bati hata mbuzi akilia zizini husikii. Kulipokaribia kucha ndipo nikatoka kuchukua kuni.

Romani alikuwa amelala kwetu kwa ajili ya safari. Alipoona yale mawe alishika kichwa.

"Naenda kwa mwenyekiti," akasema. "Halafu polisi."

"Kunywa uji kwanza," baba yake akamwambia.

Kabla hajamaliza kikombe tukasikia kilio barabarani. Kilio chenyewe, cha msibani.

Ni Kabula. Amejifunga khanga kiunoni, amejipaka majivu usoni. Nyuma yake vijana wake wanaswaga ng'ombe wanaovuta mkokoteni.

"Ooo, marehemu wangu! Watano kwa mpigo! Mmekufa na meno yenu yote mdomoni!"

Akajitupa chini mbele ya gari. Akagaagaa. Watu wakaanza kutoka majumbani. Jirani yetu Fransiska, aliyesikia kilio tu na asijue kingine, akaja mbio na bakuli la unga wa rambirambi. Nikalipokea. Unga wa msiba haurudishwi.

"Mtani," Isdori akauliza, taratibu kabisa, "umewapeleka wapi?"

"Nimewazika. Nimewakata wakawa mabirika, ndama wangu wanawanywea maji. Mifupa nimekuletea."

Mifupa ni rimu. Zote tano zilikuwa kwenye mkokoteni, zimefutwa vizuri. Kumbe hata katika wizi mtu anaweza kufuta vumbi. Nililiona hilo.

Romani alikuwa amevimba. Kabula akanyanyuka, akampa kipande cha ubavu wa tairi. "Kunja, mwanangu."

Romani akakunja. Kikakatika kama muhogo mkavu.

Akakitazama. Akampa baba yake. Isdori akakitia mfukoni.

Habari ya polisi ikafia hapo. Mtani akichukua kitu chako huendi kushitaki. Ukishitaki umevunja utani, na utani hauzibwi kama pancha.

Ila safari nayo ikafa. Jumamosi ikapita gari liko juu ya mawe. Redempta akapiga simu kuuliza tumefika wapi. Nikamwambia tumefika jikoni. Nikamsikia anapenga kamasi.

Usiku huo sikusali vizuri. Asubuhi nikamwambia mzee, "Tuuze ulezi."

Akageukia ukutani.

Ulezi ule niliulima kwa mkono wangu, wa uji wa Redempta. Mwanamke anayenyonyesha wawili anataka uji wa ulezi, si maneno. Nilikuwa nimeupepeta, nimeupeta tena, nimeufunga kwenye magunia na kuyaweka chini ya kitanda chetu.

"Ulezi ni wa Redempta," akauambia ukuta.

"Redempta hanywi uji wa mama aliyelala korongoni," nikasema. "Nitabakiza debe moja. Mengine yaende."

Hakubisha. Hilo nalo lilinishangaza, kwa mtu aliyebishana wiki nzima.

Romani akapeleka magunia na rimu mjini, akarudi na matairi mapya. Akanionyesha tarakimu zilizochongwa ubavuni, zinazosema wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa. "Hapa ndipo unaposoma umri wake, mama." Nikayagusa. Yalinukia kama kandambili za Krismasi.

Siku ya kuondoka Kabula akaleta kibuyu cha maziwa mgando. "Mpelekee Redempta. Mwambie ni rambirambi."

Tukapita Sumbawanga, tukapita Namanyere. Kwenye mteremko Romani hakusema kitu, mimi nikashika rozari, na Isdori akawa anapiga kelele kutoka kitandani, "Punguza! Punguza!" Alikuwa haoni barabara hata kidogo. Tulishuka salama.

Kirando palikuwa na joto. Redempta akapanda garini na watoto, akamlaza mmoja kulia kwa babu yake, mwingine kushoto. Isdori akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Kumbe chini ya blanketi kulikuwa na watu," akasema. Kisha akafumba macho, machozi yakamshukia masikioni, maana alikuwa amelala chali.

Kesho yake nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya gari natengeneza migebuka, samaki wa ziwa lile. Simu ya mzee ikaita. Masikio yake si mazuri, kwa hiyo huweka sauti kubwa, mtaa mzima unasikia.

"Mtani, mmefika?" Alikuwa Kabula.

"Tumefika."

"Na mkeo bado hajajua kwamba jeki na spana ulinipa wewe?"

Isdori akanitazama. Nikaendelea kutoa matumbo ya mgebuka.

"Sasa anajua," akasema.

Kabula akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Basi umekwisha! Nije kulia?"

Isdori akakata simu. Nikamaliza samaki yule, nikachukua mwingine.

"Romani alivyoyakagua tu, nilijua anasema kweli," mzee akaanza. "Lakini cha kuuza kilikuwa ulezi peke yake. Umeulima umeinama, mimi nimelala. Ningekuombaje? Na kukupakia kwenye yale matairi nisingeweza."

"Kwa hiyo ukaomba uibiwe."

"Niliomba mtani anisaidie."

"Ungeniambia tu. Ningekubali."

"Najua," akasema. "Ungekubali upesi mno, bila kujihurumia."

Nikamchagulia mgebuka mnono kuliko wote, nikamkaangia yeye.

Wajukuu zangu mnaosoma haya, tairi msilihesabie meno, liulizeni umri. Na mkiwa na mtu nyumbani anayeng'ang'ania jambo ambalo halina kichwa wala miguu, msiwahi kumwita mkaidi. Huenda amesimama mbele ya kitu asichotaka kiwaumize.

Tulipokuwa tunaondoka, Redempta aliingia garini kumfunika baba yake shuka. Yule mtoto asiye na nguvu alikuwa ameshika kidole cha babu, ikabidi mama yake amfungue taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Baba," akasema, "usingoje mgongo upone. Njoo tena, umelala hivyohivyo."