Maji Ndani ya Nyundo ya Upepo

Sogea karibu kidogo, wewe unayeshika bunduki ya misumari siku hizi. Masikio yangu yamechoka, kwa hiyo nikipaza sauti usidhani nimekasirika. Nataka kukueleza habari za nyundo ya upepo, ambayo ni kaka mkubwa wa hiyo bunduki yako. Zote mbili zinasukumwa na hewa iliyobanwa na kompresa, na zote mbili humuumiza mtu kwa njia ileile.

Niliingia kazini miaka ya hamsini, katika yadi ya kutengeneza matangi ya maji hapa Nakuru, ng'ambo ya reli. Foremani wetu alikuwa Kalasinga mwenye ndevu nyeupe. Asubuhi ile ya kwanza hakuniuliza hata jina. Alinipeleka moja kwa moja kwenye kompresa, akaniinamisha, akanionyesha koki ndogo iliyokuwa chini ya tumbo la mashine.

"Fungua."

Nikafungua. Maji ya rangi ya chai yakanirukia miguuni.

"Hii maji natoka wapi?"

"Sijui, Bwana. Mvua?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mvua nanyesha ndani ya chuma? Natoka kwa hewa! Hewa iko na maji. Wewe nabana hewa, maji nabaki. Maji nakwenda kwa paipu, nakwenda kwa nyundo, nyundo nakula kutu. Sasa wewe nataka kazi ama nataka kaburi?"

Nikasema nataka kazi. Ndivyo nilivyofanywa mtunza kompresa.

Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kugusa nyundo, nilitoa maji yale. Kisha nilitia matone machache ya mafuta mepesi mahali paipu inapoungana na nyundo, ili hewa iyabebe hadi kwenye vali, kile kifungo cha ndani kinachofungua na kufunga hewa unapobonyeza na kuachilia. Vali ikiwa safi, ukiachilia, nyundo inanyamaza. Ikiwa na kutu, inaweza kunata. Unabonyeza, hakuna kitu. Unaachilia, halafu inaamka yenyewe. Tafadhali usipite hapo haraka. Lishike hilo.

Tangi tuliliunganisha kwa ribiti, ambazo ni misumari minene isiyochongoka. Ribiti ilipashwa moto mpaka ikawa nyekundu, ikaingizwa kwenye tundu kutoka ndani ya tangi. Mshikizi alikaa humo ndani, akaegemeza chuma kizito kwenye kichwa cha ribiti. Mpigaji alisimama nje na nyundo, akaifinyanga ncha ya pili mpaka nayo ikawa kichwa. Ribiti ikiharibika, tulikata kichwa cha nje, tukafunga pini nyembamba kwenye nyundo, tukaisukuma irudi ndani. Hapo mshikizi alikinga kwa gunia la mchanga, kwa sababu ribiti ilichomoka kama risasi.

Mpigaji wetu alikuwa Cheruiyot, mtu mtaratibu. Mshikizi alikuwa Wekesa, aliyetoka magharibi, na maneno yake hayakuisha. Ndani ya tangi ni giza na kelele. Mwanga pekee huingia kwa matundu ambayo hayajapigwa ribiti. Kwa hiyo washikizi wote walikuwa na desturi moja: nyundo ikinyamaza, mtu anaweka mdomo kwenye tundu kuuliza habari, kisha anaweka jicho kuona jibu. Sijui yadi nyingine yenye watu waliozungumza hivyo.

"Cheru! Huko nje kuna chai? Mimi huku napata harufu peke yake."

"Chai imeisha. Umebakiziwa sufuria uoshe."

"Wewe ngoja. Nikitoka humu nitashika hiyo nyundo, na wewe utaingia. Utajua tangi lina sauti gani."

Haukuwa mzaha mtupu. Foremani alikuwa amemwahidi kwamba matangi ya msimu ule yakiisha, atatoka ndani na kufundishwa upigaji. Jioni, nilipofunga kompresa, Wekesa aliniomba nimwachie hewa kidogo, afanye mazoezi kwenye bati bovu. Cheruiyot alisimama nyuma yake na kumrekebisha mkono. Wekesa alikuwa ameanza kuijua nyundo. Hakutaka kitu kingine duniani ila kufanya kazi mahali penye mwanga.

Halafu Foremani akahamishiwa yadi ya mji mwingine, na Meneja wa yadi akaanza kutusimamia mwenyewe. Wakulima wa Njoro walitaka matangi yao kabla ya mvua ndefu. Asubuhi moja Meneja alinikuta nimeinama kwenye koki, watu wamesimama wakingoja.

"Nini hii?"

"Natoa maji, Bwana. Halafu mafuta."

"Toa Jumamosi. Mvua hapana ngoja wewe."

Nikamweleza habari ya vali, polepole, kama nilivyoelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima. Kisha akasema, "Jumamosi," akaichukua spana ya koki, akaitia mfukoni mwake.

Siku za kwanza hakikutokea kitu, na hilo ndilo linalodanganya watu. Baadaye nikaona unyevu kwenye kiungo cha paipu, na Cheruiyot akaanza kulalamika kwamba nyundo inakohoa. Nikarudi kwa Meneja. Akasema Jumamosi iko karibu.

Ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Ribiti moja ilikuwa imekaa upande, kwa hiyo Cheruiyot alifunga pini aitoe. Wekesa alikuwa ndani na gunia lake. Nyundo ilipiga kidogo, kisha ikanyamaza. Cheruiyot akabonyeza tena, hakuna kitu. Akaachilia kidole. Alifanya sawasawa kama alivyofundishwa: mkono mmoja ukaacha kifyatulio, wa pili ukaenda kwenye kiungo kuchomoa paipu. Nilikuwa nimesimama pale, nikauona mkono ule ukianza kuzungusha kiungo.

Kutoka ndani tukasikia, "Kwani mmekufa? Cheru, hii ribiti imegoma ama ni wewe?"

Alikuwa ameshusha gunia ili atazame.

Nyundo ikaamka yenyewe, ribiti ikachomoka.

Sitaeleza tulivyomtoa kwa mlango mdogo wa tangi. Jicho la kulia lilikwenda siku ileile. Hospitali walijitahidi kuliokoa la kushoto, nalo likabaki na ukungu, kisha likafuata. Cheruiyot hakugusa nyundo tena. Alirudi kwao kuchunga ng'ombe. Meneja alinirudishia spana. Tukatoa maji kila asubuhi kwa muda, mpaka oda kubwa nyingine ilipokuja, na spana ikaenda tena mfukoni.

Mwaka uliofuata nilimtembelea Wekesa kwao. Alikaa mlangoni, amegeuza uso upande wa jua. Alinijua kwa hatua zangu.

"Waliwahi kumaliza yale matangi?"

"Waliyamaliza."

"Kabla ya mvua?"

"Kabla ya mvua."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa hesabu isiyolingana.

Mimi niliendelea. Nilihamia Njoro, kisha kiwanda cha mbao upande wa Molo, na mwisho nikaitwa Foremani mwenyewe. Kila nilipokwenda nilifundisha koki, mafuta na paipu, kwa upole, kwa sababu mtu aliyeogopeshwa hajifunzi. Kila nilipoondoka, nilisikia kwamba mambo hayo yameachwa kabla vumbi la lori langu halijatua. Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na maneno mazuri. Nilitaka kuuliza nani atatoa maji kesho, ila nilijua jibu.

Juzi nilipita mtaa wa Rhonda, hapa Nakuru, kwa vijana wanaotengeneza makreti ya nyanya. Kiungo cha paipu kilikuwa kinadondosha maji. Bunduki ikakwama, na kijana akaigeuza achungulie mdomoni, hewa ikiwa bado imeunganishwa. Nilipiga kelele.

"Mzee, pole pole!" wakacheka. "Utatupasua masikio. Hii ni ya kisasa, haina shida."

"Toa paipu!"

"Sawa, guka, tumesikia."

Waliniita babu, lakini paipu hawakuitoa. Kijana aliitikisa bunduki, ikafanya kazi, wakaendelea. Nilisimama pale mpaka ikawa aibu, kisha nikaenda nyumbani.

Sitegemei tena kwamba yadi nzima itanisikia. Nakuomba wewe mmoja tu, na najua unaweza, kwa maana kazi yenyewe haizidi muda wa kufunga kamba za viatu. Bunduki ikikwama, ielekeze chini mahali pasipo na mtu, ondoa kidole, kisha chomoa paipu. Ukishachomoa, bonyeza kifyatulio mara moja kuelekea chini, hewa iliyobaki ndani itoke. Ndipo utazame.