Somo la Viazi Mbele ya Mkaguzi

Nilisomea ualimu Unguja, nikaolewa Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya sabini mume wangu, aliyekuwa karani mjini, alinipeleka ofisi ya elimu nikaombe leseni ya kufundisha. Afisa alikigeuzageuza cheti changu.

"Hiki ni cha nje, mama. Lazima mkaguzi akuone ukifundisha kwanza."

Nilipangiwa shule moja Riruta, darasa la nne. Nikajiandaa kwa hesabu mpaka nikawa naziota. Siku ilipofika, mkaguzi, mzee mpole kutoka magharibi mwa Kenya, akasema hesabu ameshaziona za kutosha. Alitaka kilimo. Sote tukatoka kwenda shamba la shule, mwalimu mkuu akitutangulia.

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Viazi nilivijua sokoni na kwenye karai la mafuta. Nilisimama kati ya matuta, nikaona juu ya mimea vitunda vya kijani, vya mviringo, vimeshikana. Moyo ukatulia.

"Watoto, hivi ndivyo viazi vichanga. Vikikua, tunavichuma."

Msichana mmoja akajiziba mdomo kwa sweta. Mwalimu mkuu akawa anatazama viatu vyake.

"Mwalimu," mkaguzi akauliza taratibu, "kwani huko Zanzibar viazi inamea juu?"

"Huko kuna nazi, bwana. Hizo ndizo zinazomea juu."

Alicheka hadi akashikilia ua wa shamba. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya buibui. Nikawageukia watoto. "Haya, nani atanionyesha viazi viko wapi?"

Walitaka kunionyesha wote kwa pamoja. Kufumba na kufumbua, tuta zima lilikuwa limefukuliwa.

"Mwalimu, hiyo haijakomaa," mwalimu mkuu akalalamika, lakini hakuna aliyemsikia. Mkaguzi alisema hajawahi kuona darasa lenye bidii namna ile, akaondoka na viazi kadhaa mfukoni.

Leseni ikaja: naruhusiwa kufundisha masomo yote isipokuwa kilimo. Mume wangu aliisoma mara mbili, akaniuliza kilimo nimekikosea nini. Nikamwambia chai inapoa.

Muhula uliofuata mwalimu wa kilimo akahamishiwa Mutuini. Mwalimu mkuu akaja darasani kwangu na jembe. Nikamwonyesha leseni.

"Nimeiona," akasema, akiliegemeza jembe ukutani. "Lakini mkaguzi harudi mpaka mwakani."