Faida Mbili za Kampuni ya Baba

Miguu ilipoanza kumsumbua, baba aliamua kuiuza kampuni yake ya vifaa vya ujenzi pale Kariakoo. Mnunuzi alikuwa mzee wa Kihindi, jirani yake wa siku nyingi, ambaye siku ya msiba wa mama alifunga duka lake akaja kukaa nasi. Mimi nafanya kazi katika ofisi ya wahasibu mtaa wa Posta, na kazi yangu ni kukadiria thamani ya kampuni kwa kusoma hesabu zake.

"Twende wote," baba aliniambia. "Wewe utamweleza kitaalamu."

Faida ya mwaka alinitajia kwa mdomo, na kwa kuwa ni baba, sikumwomba karatasi. Tulipofika ofisini kwake ghorofani nikamwamkia mzee, akaitikia marahaba, akatuagizia chai. Nikaeleza kwa kujiamini kwamba kampuni yenye faida kama hiyo haiwezi kuuzwa chini ya bei niliyoitaja.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanisogezea hesabu alizoletewa na mhasibu wa baba.

"Mwanangu, hizi ndizo zilizokwenda kwenye kodi. Faida ya humu haifiki hata robo ya uliyoisema. Niamini ipi?"

"Hizo ni za watu wa kodi!" baba akadakia kwa sauti. "Wewe si mfanyabiashara? Hujui mambo hayo?"

Mzee hakucheka. Afadhali angecheka.

"Najua, ndugu yangu. Lakini nikiinunua kampuni, nainunua na hizi. Siku wakija kudai, watanidai mimi."

Uso uliniwaka moto. Ofisini nilikuwa nikiwasema vibaya wateja wa namna hiyo, na ada yangu ya chuo ilitoka katika kampuni hiyohiyo ya baba.

Mzee akataja bei yake: mali iliyomo ghalani, ukitoa madeni. Jina la baba na wateja wake wa miaka yote hakuvihesabia hata senti.

Tuliposhuka, baba alishika ukuta ngazi baada ya ngazi. Sikumpa mkono. Nilijifanya natafuta simu kwenye mkoba.

Nje, kelele za wachuuzi zikatupokea. Akaniuliza bila kunitazama, "Ungekuwa wewe, ungetoa ngapi?"

"Kama yeye, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akatangulia kuvuka barabara.

Wiki iliyofuata aliuza kwa bei ileile ya mzee. Siku ya kutia saini hakuniita.