Picha ya Mama wa Jirani Yangu

Jirani yangu alipoanza kuandaa ibada ya kumbukumbu ya mama yake, alitaka picha moja ya kuweka mezani, na hakuwa nayo. Kitambulisho cha marehemu alikirudisha serikalini alipoenda kuchukua kibali cha mazishi. Uso wa mama yake ulibaki kwenye simu za watu tu, ndani ya video ambayo hakutaka kuiona tena.

Magokoro, yaani nyanya, kama sote tulivyomwita, alikuwa ameanza kusahau. Alitoka kwenda kuchuma chai akaishia shamba la mtu mwingine, akakaa chini kungoja kuchukuliwa. Asubuhi moja alivuka mto akaketi mlangoni mwa jiko la watu asiowajua. Kijana wa boma hilo alimrekodi, akaituma video kwenye grupu la kijiji na neno moja chini yake: omorogi. Mchawi. Kwetu neno hilo halihitaji maelezo. Video ilifika hadi sehemu za mbali kama Magwagwa kabla binti yake hajagundua kwamba kitanda kilikuwa kitupu. Alipofika kwenye boma hilo alikuta umati, na mama yake yuko chini. Alifia hospitalini. Waliompiga walipelekwa kortini. Waliosambaza video hawakuitwa popote, nayo iliendelea kuzunguka hata baada ya mazishi.

Tulienda pamoja mjini Keroka kwa mpiga picha. Alitusikiliza, kisha akashusha sauti.

"Mama, kuna ile video. Naweza kutoa uso pale, nimvalishe kitambaa kizuri. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," jirani yangu alisema. "Pale anaangalia huku na huku. Ananitafuta."

Mpiga picha alipangusa meza iliyokuwa safi. "Basi tafuteni picha za harusi," alisema. "Bibi harusi ndiye hulipa, lakini wamama wa jikoni ndio hujaa nyuma yake."

Jirani yangu alicheka kidogo. "Harusi? Hakukosa hata moja. Alikuwa anaonja nyama kabla bwana harusi hajafika."

Tulipita nyumba kwa nyumba. Wanawake walileta albamu. Wanaume kadhaa walipoombwa watazame kwenye simu zao, waligeuza kioo upande wao na kupitisha kidole haraka mahali fulani. Jirani yangu aliona, nami niliona.

Tulimpata Magokoro huko Nyansiongo, kwenye picha ya harusi ya binti wa ndugu yake. Nyuma ya keki, mlangoni mwa jiko, amesimama na mfuniko wa sufuria mkononi, akimgombeza mtu asiyeonekana.

"Amefungua mdomo," mpiga picha alisema tulipomrudia. "Nimfunge?"

"Muache," jirani yangu alisema. "Hata sisi tulishindwa kumfunga."

Siku ya ibada, picha ilipowekwa mezani, vijana waliinua simu kuipiga picha. Mzee wa kanisa aliwakemea wazishushe.

"Waache wapige, mzee," jirani yangu alisema, kisha akasimama na kuzungumza nasi kwa Ekegusii, lugha yetu. "Hii ndiyo mtumiane. Ile nyingine muifute sasa, tukiwa hapa. Na kesho ikija ya mama wa mtu mwingine, msiipeleke mbele. Ulizeni kwanza huyu ni nani na kwao ni wapi. Mtu mmoja tu angeuliza, ningekuja nimchukue, turudi nyumbani."

Vichwa viliinama. Kutoka nilipokaa sikuweza kujua nani anafuta na nani anajifanya. Yeye hakukagua simu ya mtu. Aliketi kando ya meza akangoja, na mzee wa kanisa naye akangoja na Biblia yake imefungwa, mpaka mtu wa mwisho alipoinua uso.