Gari Litabaki Wapi?

Kufikia wiki ya mwisho ya Agosti, meza ya jikoni ya Jolanka Gjerek ilikuwa haiandaliwi tena chakula. Yeye na mumewe Vendel walikula sahani zikiwa magotini, kwa sababu meza yote ilikuwa imemezwa na safari. Palikuwa na ramani, ratiba za treni alizochapishiwa maktaba, bahasha zilizojaa mishale, na daftari ambalo ukurasa wake wa kwanza uliandikwa vizuri, lakini ukifika wa nne hata mwenyewe alikuwa hajui kaandika nini.

Jambo lenyewe ukilitamka lilikuwa jepesi. Kutoka kijijini kwao Filovci, huku bondeni ambako kitu kirefu kuliko vyote ni kiota cha korongo juu ya nguzo ya umeme, waende upande wa pili wa nchi, kwenye milima ya Alpi. Walione ziwa la Bohinj, wapande treni ya reli ile ya zamani hadi mto Soča, kisha warudi. Siku tatu tu. Vendel alimwahidi safari hiyo walipooana, na kila mwaka ukaja na sababu yake: mara mtoto, mara paa, mara nguruwe. Sasa Jolanka alikuwa na miaka sitini na saba, na tarehe nane Oktoba angelazwa apasuliwe nyonga. Baada ya hapo, nani ajuaye. Alitaka kwenda Septemba, wakati bado anatembea kwa miguu yake, na alitaka kwenda na Vendel. Si na binti yao, wala si na chama cha wastaafu.

Shida ilikuwa gari.

Treni kwa wastaafu ni bure, hilo lilikuwa zuri. Lakini chumba cha bei ya kulipika kilikuwa kwa mkulima mmoja huko juu mlimani, kilomita tano kutoka kituo cha Bohinj, na kwa nyonga ile bila gari hufiki. Vyumba vya karibu na kituo, alipoona bei, alivua miwani akaivaa tena. Basi waende na gari. Ila wakiliacha Bohinj na kupanda treni hadi Soča, lazima warudi Bohinj siku ileile, na chumba cha usiku wa pili alishakipata Soča. Wakilitanguliza Soča, wao watafikaje Bohinj? Tena ipo treni inayobeba magari na kuyapitisha chini ya mlima. Unalipandisha lako behewani, unakaa ndani yake hivyohivyo mpaka ng'ambo. Hapo ndipo akili ya Jolanka ilipogoma kabisa. Mstaafu aliyekaa ndani ya gari lililo juu ya treni ni abiria, asiyelipa, au ni mzigo?

Alipiga simu kituoni. Aliyepokea alikuwa Tjaša, binti wa dirisha la tiketi, ambaye wiki hiyo walishazungumza mara sita.

"Mwanangu, ni mimi tena."

"Nimekutambua, mama. Leo gari liko wapi?"

"Leo liko Bohinj."

"Si jana lilikuwa Soča?"

"Jana nilikosea."

Tjaša akaenda kumuuliza mkubwa wake habari ya abiria na mzigo, akarudi na jibu kwamba inategemea. Jolanka aliandika "inategemea" kwenye bahasha, akaizungushia duara.

Ungetegemea Vendel amsaidie. Huyu alikuwa mtu wa usukani. Miaka thelathini na moja aliendesha basi la kuwapeleka mafundi cherehani kiwandani, na Jolanka, mmoja wao, alikaa kiti cha nyuma yake mpaka wakazoeana kupitia kioo cha dereva. Lakini kiangazi hiki chote, kila mpango uliokamilika, Vendel aliuua. Tena aliuua huku akitazama kabati la vyombo, kana kwamba mkewe hayupo.

"Kona hamsini za mlimani, na breki zetu hizi?"

"Breki si ulibadilisha mwaka jana?"

"Ndiyo maana siziamini."

"Basi tupite barabara kuu."

"Septemba? Imejaa Waaustria wa likizo."

"Tuondoke alfajiri."

"Alfajiri ukungu."

"Haya, saa nne."

"Saa nne si ndiyo Waaustria wenyewe, bibie!"

Jolanka hakuelewa. Tangu Pasaka gari lilikuwa limefunikwa turubai uani. Dukani Vendel alikwenda kwa miguu, akisema ni kwa afya ya moyo, yeye ambaye zamani alikwenda na gari hadi kanisani, mita mia mbili. Ndipo wazo likamwingia, likamuuma kuliko nyonga: kwamba huyu mzee hataki kwenda naye popote, na mke anayechechemea amemchosha.

Alhamisi mchana alimaliza mpango wa kumi na moja. Huu haukuwa na tundu. Akachomoa ratiba kutoka kwenye rundo, akampa.

"Soma mwenyewe. Treni ya kutoka Bohinj. Niambie ina ubaya gani."

Vendel aliishika karatasi mbali, akaileta karibu, akakohoa. "Saa tano na robo," akasema. "Saa hiyo watu watakuwa wamejaa mpaka mlangoni. Tutasimama njia nzima. Haifai, Jolanka."

Jolanka akaangalia ile karatasi. Ilikuwa barua ya hospitali. Alikuwa amechomoa karatasi siyo.

Hakujua amkasirikie nani. Kisha akasema polepole, "Vendel, hiyo ni barua ya nyonga yangu."

Vendel aliiweka mezani, akailainisha kwa viganja viwili.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Tangu Pasaka. Mei niliposema naenda mnadani na jirani Geza, nilidanganya. Alinipeleka kwa daktari wa macho. Kanikataza usukani moja kwa moja."

"Na mimi?"

"Ningekwambia ukitoka hospitali. Mke hatembei, dereva haoni. Si ungefuta safari?"

"Ningefuta gari, mpumbavu we!" Jolanka alipiga meza, ramani na bahasha zikaporomoka sakafuni. Alilia kwa hasira, na ndani ya hasira hiyo alikuwa na furaha iliyomwaibisha, kwa sababu hakuwa amechokwa. "Unaona nini? Sema ukweli."

"Pembeni naona. Katikati ndiyo pana kiwingu." Akageukia kabati. "Nikikutazama wewe, uso haupo. Nikitazama kabati, nakuona."

Jolanka aligeuka akalitazama lile kabati. Kiangazi kizima alilionea wivu.

Alijifuta pua kwa aproni. Kwa mara ya kwanza tangu Juni kichwa chake kilitulia.

"Dereva anatazama wapi?"

"Mbele. Wapi tena?"

"Na abiria wa treni?"

"Dirishani," akasema. "Ubavuni."

"Basi. Tutalala palepale karibu na kituo, na bei yao ile. Jicho lipi lina nafuu?"

"La kushoto."

Jolanka akachukua simu.

"Leo gari liko wapi, mama?" Tjaša aliuliza.

"Uani. Linabaki uani. Mwanangu, mto unaonekana upande gani wa treni? Nataka kumkalisha mzee wangu vizuri."

"Kwenda au kurudi?"

Jolanka hakuwa amelifikiria hilo. Alifunika simu kwa kiganja. Vendel alikuwa ameshapiga magoti sakafuni, anaokota makaratasi kwa kupapasa.

"Anauliza kwenda au kurudi."

"Muulize kote kuwili," Vendel akasema. "Tukifika huko tusianze kubabaika."