Utando wa Yustina

Yustina alizaliwa na pupa, na pupa hiyo nusura imponze. Mama yake, mfinyanzi wa kule Uluguru, alimchapa mikono si mara moja kwa kufunua vyungu vibichi vilivyofunikwa vikauke polepole visipasuke. Mtoto akakua, akasomea kemia, akaajiriwa kwenye kiwanda cha plastiki Morogoro mjini. Kisha likaja soko huria, kiwanda kikauzwa, na tajiri mpya, Abdulswamad, akataka maabara iwe stoo ya ndoo za kutoka ng'ambo.

"Jumatatu nakuja na mzigo," alimwambia. "Labda unionyeshe kitu kinachofanya kazi."

Kitu kilikuwapo, ila kilivuja. Yustina alikuwa akichanganya plastiki mbili, moja ngumu, nyingine ya kunyonya maji, na kuzimimina juu ya kioo zikauke ziwe utando mwembamba. Upande mmoja wa utando huwekwa methanoli, aina ya spiriti, upande wa pili hewa. Chaji ikipenya na methanoli ikazuiwa, umeme umepatikana. Lakini kila utando ulitoka na vitundu, methanoli ikapita, umeme ukafa.

Ijumaa akamimina plastiki yake ya mwisho kwenye vioo viwili, kimoja kwa wembamba, kingine kwa unene, akaviweka dirishani penye upepo wa mlimani vikauke upesi. Hapo akakumbuka vyungu vya mama yake. Mtoto wa mfinyanzi mzima, anaanika kitu kibichi kwenye upepo! Watani zake wangemcheka mwaka mzima. Akavitoa mbio, akavificha kivulini chini ya masinia, na siku zote mbili zilizofuata akateseka kwa hamu ya kuchungulia.

Jumatatu Abdulswamad akaingia, lori la ndoo likinguruma nje. Yustina akaukata ule utando mwembamba, akaufunga katikati ya vyumba viwili vya kifaa chake cha kuzalisha umeme, akamimina methanoli. Mota ya redio kaseti aliyoiunganisha nacho ikatikisika, ikazunguka, na haikusimama. Yustina alitamani kuruka kama mtoto.

"Upo mwingine?" Abdulswamad akauliza, macho yamemtoka.

"Chini ya sinia lile, bosi. Bado mbichi."

Tajiri akanyoosha mkono afunue. Yustina akamchapa.

Akatamani ardhi immeze. Abdulswamad akausugua mkono wake, akalitazama sinia, kisha akatoka hadi mlangoni.

"Shusheni ndoo uani," akawaambia wapagazi. "Humu kuna kitu kinakauka."