Asmahani Hapokei Asiyemuulizia

Pale Cheyo, mjini Tabora, nina chumba cha mbele cha kushonea, na chumba cha nyuma anakitumia Asmahani binti Shaban, mtoto wa binamu yangu Swaumu. Mimi Idrisa nashona nguo, yeye anatengeneza programu za kompyuta. Wateja wake wakifika huniuliza mimi, "Fundi yupo?" Huwajibu kwamba fundi ndiye huyu aliyekaa kwenye cherehani, labda kama wanamtaka mwingine. Wanacheka, wanapita kwenda nyuma. Nimeizoea dharau hiyo, maana mtoto kazi anaijua.

Ameipata wapi akili yake, mimi najua. Ni kwa mama yake. Bi Swaumu anaogopwa na kila kijana wa mjini hapa mwenye nia ya kuoa. Posa ikiletwa kwenye ukoo wetu, mshenga awe na kanzu nyeupe namna gani, jibu halitoki mpaka Swaumu avae baibui lake aende mtaani kwa muoaji. Atakaa kwa muuza vitumbua, atanunua, atauliza. Kijana anaishi na nani? Rafiki zake ni akina nani? Na hao rafiki nao, nani anaingia na kutoka kwao? Wapo walioanza asubuhi wakiwa wakwe, adhuhuri wakarudishiwa posa yao.

Binti kaichukua tabia hiyo akaiingiza kwenye kompyuta. Alinieleza siku moja nakata suruali. Anaandika kwa lugha iitwayo JavaScript, na huko hakuna anayeanza sifuri. Unachukua vifurushi vilivyokwisha kuandikwa na watu wengine duniani wakaviacha wazi, bure, atumie yeyote: hiki cha kupanga tarehe, kile cha kuchapa vyeti. Ni ukarimu mkubwa, na Asmahani huwaombea dua watu hao asiowajua. Taabu ni kwamba kila kifurushi kinakuja na vifurushi vyake, na hivyo navyo vina vyao. Umemwalika mgeni mmoja, unakuta sebule imejaa. Mwizi hahangaiki na mlango wako. Anamtafuta yule mgeni wa mwisho kabisa, mdogo, asiyetazamwa na mtu, anaingia naye.

"Sasa wewe unafanyaje?" nikamuuliza.

"Naulizia, mjomba. Kifurushi ni cha nani, kinakuja na nani, kimebadili mmiliki lini. Nikiridhika naweka jina lake, toleo lake na alama yake, kama alama ya kidole, kwenye faili moja. Ambaye hayumo, mashine haimpokei. Toleo jipya likitoka, naulizia upya."

"Hata likiwa la mtu yule yule?"

"Hata hivyo. Na la zamani nalo siling'ang'anii, maana likikaa sana linatoboka. Ila naulizia kwanza."

Kazi anayoipenda kuliko zote iko upande wa Goweko, kwenye zahanati moja ambayo jina lake silitaji, na mtanielewa kwa nini. Pale kumbukumbu za wagonjwa ziko kwenye programu yake, pamoja na za wale wanaotumia dawa za kufubaza virusi. Mwanzoni wagonjwa walikataa kuandikwa humo. Ni Nesi Eustadia, mkuu wa zahanati, aliyewaweka chini akawasihi. Mzee mmoja akamuuliza, "Na majina yetu yakitoka humo?" Eustadia akashika kola yake akajibu, "Yakitoka, sare hii naivua." Kijiji ni kidogo. Ukijulikana unameza dawa zile, kuna watakaokionea kinyaa hata kikombe ulichonywea. Wangeacha kuja, na mwenye kuacha dawa zile hafi kwa aibu, anakufa kweli.

Sasa, Alhamisi moja asubuhi Asmahani akatoka chumbani kwake na simu mkononi. Kumbe huko duniani mwenye kifurushi kimoja kidogo, cha kupaka maandishi rangi tu, kaibiwa nywila yake. Aliyemwibia akatoa toleo jipya lenye mwizi ndani, linakomba kila linachokikuta kwenye kompyuta na kukipeleka nje. Kundi la WhatsApp la watengeneza programu wa Tabora lilikuwa linawaka moto. Lugembe, mwenzao wa kundi hilo, kijana anayevaa koti hata jua la Oktoba, akapiga simu kumtuliza. Nilimsikia, maana anaongea kama yuko mnadani.

"Mimi kifurushi hicho hata sikijui, dada! Sijawahi kukiita."

"Hukukiita wewe. Kimeitwa na uliyemwita."

"Haya bwana. Ila Masanja wako yuko fresh, jana kanipigia anataka kusasisha kila kitu kule zahanati. Nikamwambia mashine ikigoma, afute lile faili lako la matoleo. Itakubali yenyewe."

Asmahani alikata simu bila kuaga, jambo ambalo mama yake hakumfundisha. Akampigia Masanja, mtunza kumbukumbu wa zahanati, hapatikani. Akampigia Eustadia, ikaita bila kupokelewa. Ilikuwa siku ya dawa, na siku hiyo nesi huiacha simu kwenye droo. Mimi niliacha cherehani nikasimama mlangoni kwake. Yeye alitia kompyuta kwenye begi kwa utulivu ulioniudhi.

"Mjomba, zile sare za manesi wa kule ziko tayari?"

"Bado vifungo."

"Utavishonea huko. Washa pikipiki."

Njia nzima mimi nilikuwa namtukana Lugembe moyoni, na pale penye mchanga nikamtukana kwa sauti.

Tulipofika, nilichokiona hakikunipendeza. Uwanja ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio bado inaonekana. Vioo vimefutwa. Nyuma kulikuwa na harufu ya kuku. Kompyuta yenyewe ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Asmahani alitegemewa Jumamosi kuja kukagua, na kwetu mgeni hakuti nyumba chafu. Masanja alifagia kila alichoweza kufagia, na kompyuta nayo akaihesabu kuwa sehemu ya nyumba.

"Karibu dada, shikamoo mzee! Mmewahi, bado hatujamaliza!" akasema, jasho linamtoka.

Nikamwitikia marahaba, lakini haikutoka vizuri.

Asmahani hakukaa. Alimwita Eustadia, akafunga mlango tukiwa wanne ndani, akamweleza yote bila kupaka mafuta. "Nikikuta mwizi kaingia, Nesi, nitakwambia hapa hapa, na wale waliokaa nje nitawaambia mwenyewe." Eustadia alikuwa anatazama dirishani, kwenye benchi lililojaa watu waliomwamini.

"Masanja, ulifuta lile faili?" Asmahani akamgeukia.

Mtu mzima yule aliinamisha kichwa. "Dada, nisamehe. Nilijaribu kusasisha, mashine ikakataa. Lugembe akaniambia nifute. Sikufuta."

"Kwa nini hukufuta?"

"Si langu. Wewe ndiye uliyeliacha hapa. Wazee wetu walibeba mizigo ya watu kutoka huku mpaka pwani, na nyumbani tunaambiwa mpaka leo, mzigo wa mtu unaulaza, huufungui. Nikaona bora uje ukute kompyuta ina vumbi. Nikazima simu kwa aibu."

Ningekuwa mimi ningemkumbatia pale pale. Asmahani ni binti wa Swaumu, akasema ahsante kisha akaanza kuulizia. Alikagua kifurushi kimoja baada ya kingine, kisha akakagua njia zote ambazo kumbukumbu zingeweza kutokea nje. Mimi nikakaa kwenye kona nashona vifungo. Sindano ilinichoma mara kadhaa.

Mwishowe aliegemea kiti. Kifurushi kilikuwamo, kweli, kimekuja na mgeni wa mgeni. Lakini lilikuwa lile toleo la zamani, safi, alilolikagua kwa mkono wake. Jipya lilibisha hodi likabaki mlangoni.

"Hakuna jina lililotoka, Nesi," alisema. "Na Masanja, siku nyingine fagia uwanja tu." Akacheka, na Masanja akacheka kwa kuchelewa. Mimi machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

Eustadia bado alikuwa amesimama dirishani. "Sasa wale niwaambie nini?"

"Waambie waingie."

Nesi akanigeukia, akaichukua sare mpya mkononi mwangu, kifungo cha juu kikiwa bado hakijashonwa. Akaivaa juu ya ile aliyokuwa nayo, akaikung'uta mabegani, akafungua mlango.

"Anayefuata!" akaita.